Dawa Iliyokukubali Kisha Ikakukataa

Baba,

Kukuuliza hali siwezi, na hali zetu ukizisikia hutazipenda, kwa hiyo naingia moja kwa moja. Mama hayupo tena Mbalizi. Walimfukuza kabla udongo wa kaburi lako haujakauka. Alitoka na blanketi lake, sufuria na Biblia, tukapanda lori la viazi mimi na yeye, na hakuna hata mmoja wa ndugu zako aliyesimama barabarani kutuaga. Sasa tuko kwa kaka yake, karibu na Kalenga. Mimi nafundisha watoto wa darasa la kwanza katika shule ya misheni ya huku. Mama analima, anapika, anakwenda kanisani. Kuongea ndiyo kumepungua.

Nyumbani kwako anakaa Baba Mkubwa Ambokile. Ule mlango uliouranda mwenyewe ulipoacha kazi ya machimbo, ameung'oa akauhamishia upande wa nyuma, kwa sababu aliambiwa uchawi uliingilia pale mbele. Nakueleza haya ili ujue tu, siyo ili yakuume. Hapana. Ngoja nisijidanganye. Yakuume kidogo.

Nimekuwa nikitaka kukuandikia tangu tulipokuzika na kila nikianza naacha, kwa sababu naanza na machozi na wewe unastahili maneno mengine. Leo nimekaa chini nikiwa sina machozi.

Kikohozi chako sisi tulikizoea. Nikiwa mtoto kule Makongolosi nilikuwa nakutambua kwa kikohozi kabla sura yako haijatokea njiani, umejaa vumbi la mwamba mpaka kwenye kope, sigara mdomoni. Tulipohamia Mbalizi ukaanza kulima, kikohozi kikaja nacho, na hakuna aliyekishangaa. Tulishangaa uso ulipoanza kuvimba. Asubuhi ulikuwa unaamka macho hayafunguki. Shingo ikawa nene, mishipa ikajitokeza kifuani kama kamba, na ukishindwa kulala chali ukawa unalala umekaa, mgongo ukutani, Mama akikuwekea mto huku na huku. Mtoto wa jirani alikuja kuomba moto, akakuona, akakimbia akiacha kigae chake mlangoni.

Baba Mkubwa alitaka kukupeleka kwa mganga upande wa Chunya. Nakupa haki yako hapa, Baba: ulikataa. Ulisema, "Kwanza hospitali." Mbeya wakatuambia kuna daktari wa misheni huko Iringa aliyeletewa dawa mpya ya uvimbe. Basi lilitushusha kwanza Makambako kwenye baridi ile, ukakaa juu ya mzigo wetu, blanketi kichwani, na uso wako umejaa hivi kwamba mwanamke muuza mahindi alikuuliza kama umeng'atwa na nyuki. Ukamjibu, "Nyuki wa ndani." Mama alicheka mpaka akaona haya.

Yule daktari wagonjwa walimwita Bwana Mrefu, na mimi jina lake jingine sikulizoea. Alikupiga picha ya kifua. Alikata kipande cha tezi iliyotokeza juu ya mfupa wa bega, kikapelekwa Dar es Salaam kutazamwa, na majibu yaliporudi alituita sote watatu, akavuta kiti, akakaa chini yetu kidogo kama mtu anayeomba radhi. Alisema ni kansa ya pafu, imebana mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka kichwani, ndiyo maana uso umevimba. Kisu hakiwezi kufika. Alikuwa na sindano, ambayo kwanza haikuwa dawa; ilitokana na ile hewa ya sumu ya vitani.

Wewe ukasema, "Bwana, mimi nilikwenda Burma nikarudi mzima. Sasa mnataka kunipiga gesi hapa Iringa?"

Alicheka yeye, ukacheka wewe, ukatoa mkono.

Ulitapika siku ile mpaka Mama akamwambia muuguzi inatosha, mwacheni afe na tumbo lake. Lakini siku zilizofuata uso ukaanza kushuka. Tulikuwa tunakuona ukirudi, Baba. Kwanza jicho la kushoto, halafu kidevu, halafu shingo ikawa shingo. Ukalala chali kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na Mama akakaa pale akisikiliza pumzi zako zinavyoingia na kutoka bila kukwama. Muuguzi akakuletea kioo. Ulijitazama sana, ukasema, "Kumbe bado niko huyu huyu."

Na sasa nafika mahali pa kwanza panaponichoma. Siku tunaondoka, Bwana Mrefu alikuambia kwa Kiswahili chake cha kunyooka: "Mzee, dawa imeusinyaza uvimbe. Haijaumaliza. Unaweza kurudi." Ukamjibu, "Ukirudi tutaupiga tena." Na tulipofika kwenye basi ukatugeukia mimi na Mama. Ulisema, "Hayo ya kurudi yabaki hapa hapa. Sitaki watu wanitazame kama maiti inayotembea." Tukaitika. Nani angekukatalia, uso wako ukiwa umepona vile?

Ulivyoingia Mbalizi! Ulipita sokoni ukimshikisha kila mtu shingo yako. "Shika hapa. Kuna kitu? Bonyeza, usiogope." Hata wamama wa maharage waliacha vikapu vyao wakaja kubonyeza. Kanisani ulisimama ukasema Mungu amekuponya kabisa. Kabisa, ulisema. Ukachinja ng'ombe, Baba Mkubwa akacheza ngoma mpaka kofia ikamdondoka, na Mama alikuwa anagawa nyama huku anakutazama kwa chati, kwa sababu yeye na mimi tulikuwa tunajua neno ambalo wengine wote hawakulijua.

Uvimbe ulirudi mahindi yalipotoa mbelewele. Uligundua wewe mwenyewe ukinyoa ndevu, maana Mama alikuona ukisimamisha wembe, kidole kikibaki pale juu ya bega. Ukaanza kufunga skafu kwenye jua. Ukaacha kwenda sokoni. Mpaka uso ukakataa kufichwa.

Safari hii Baba Mkubwa alikuja nasi Iringa, na alikuja na imani kubwa kwenye ile sindano kuliko sisi. Alimwambia hata kondakta kwamba tunakwenda kuchoma mara moja tu na kurudi. Ulipochomwa, uso ulishuka kidogo, ukasimama, kisha ukapanda tena. Bwana Mrefu akasubiri damu yako ipate nguvu, akakuchoma tena. Hapo haukushuka hata kidogo. Ulichopata ni vidonda mdomoni na homa, na nywele zikabaki kwenye mto.

Baba Mkubwa alikaa kwenye baraza la wodi akauliza swali, na nataka ujue kwamba lilikuwa swali zuri. Alisema, "Sindano ni ile ile. Mkono ni ule ule. Mtu ni yule yule. Kilichobadilika ni nini?" Ubaya ni kwamba hakungoja kujibiwa. Alijijibu mwenyewe. Alisema kuna mtu amefunga dawa. Na mtu wa kuifunga ni yule aliye karibu na chakula chako, na aliye karibu na chakula chako ni mwanamke asiye wa kwetu. "Huyu Mhehe," alisema, Mama akiwa anapita na bakuli la uji. Mama aliyekupikia tangu kabla mimi sijazaliwa.

Mimi nikalichukua lile swali nikalipeleka kwa mwenye dawa. Nilimkuta Bwana Mrefu uani, dresa, yule msaidizi wa wodi, akipulizia vitanda dawa ya kunguni, vitanda vimetolewa vyote juani. Nikamwuliza vile vile kama Baba Mkubwa alivyouliza: sindano ile ile, mtu yule yule, kwa nini? Alinitazama kwanza, kisha akanionyesha vitanda.

Alisema, "Dawa hii ya unga ilipokuja, tulipuliza mara moja tu, watu wakalala vizuri. Tukafikiri kunguni wamekwisha. Lakini katikati ya wale wengi walikuwepo wachache ambao sumu haiwadhuru. Hawakujifunza, walizaliwa hivyo. Dawa iliwaua wenzao, ikawaachia kitanda. Wakazaana. Sasa wote ni watoto wao, na mimi naweza kupuliza mpaka jioni." Akagusa kifua chake. "Uvimbe una chembe nyingi sana, na hazifanani zote. Nafikiri ndivyo ilivyokuwa kwa baba yako. Zile dhaifu tuliziua mara ya kwanza. Zilizobaki ndizo hizi."

Nikamwuliza kwa nini asiongeze kipimo. Akasema dawa ile haijui kuchagua, inaua na damu pia. Akiongeza, utakufa wewe kabla ya uvimbe. Nikamwuliza nyingine je? Akasema hana nyingine, na hata huko kwao Ulaya hawana ya kujivunia. Halafu akasema jambo lililofanya nimheshimu mpaka leo: "Nimekuambia ninachofikiri, siyo ninachojua."

Nilirudi wodini mbio, nikakueleza wewe na Baba Mkubwa pamoja. Ulinisikiliza. Najua ulinisikiliza, maana uliposikia habari ya kitanda ulitabasamu na vidonda vyako. Baba Mkubwa alingoja nimalize. Kisha akainama karibu na uso wako, Mama amesimama upande wa miguu ameshika kitambaa cha kukufutia jasho, akakuuliza waziwazi: "Ndugu yangu, sema mwenyewe. Nani amefunga dawa yako? Ni huyu?"

Tulingoja.

Uligeuza uso ukatazama ukuta.

Baba, nimelizungusha jambo hili kichwani mpaka limenichosha. Nimesema labda pumzi ilikuwa haitoshi. Lakini mchana ule ule ulimwomba dresa sigara, kwa maneno kamili, na ukamtania alipokunyima. Pumzi ya kuomba sigara ulikuwa nayo. Nimesema labda ulimwogopa kaka yako. Wewe, wa Burma? Nimesema labda, kwenye kona fulani ya moyo wako, ulimwamini. Hilo ndilo linaloniamsha. Kwamba ulilala ubavuni pa mwanamke huyu maisha yote, na siku dawa ilipokuacha ukaona afadhali awepo mtu wa kulaumiwa kuliko kuwepo chembe zisizo na jina. Kulaumu mtu ni rahisi, nakubali. Hata mimi nakulaumu wewe.

Mama alikufuta jasho.

Ulipofariki, Baba Mkubwa alikuwa amekwenda Mbeya kutafuta gari la kukuchukua. Bwana Mrefu alitujia mimi na Mama akiwa hana koti lake jeupe. Alituomba ruhusa afungue kifua chako, atazame dawa ilifanya nini na ilishindwa wapi. Alisema tukikataa hatatuuliza mara ya pili. Mimi nilikuwa nataka kukataa. Mama ndiye aliyesema, "Atazame. Labda atakayekuja baada yake atapona." Na alipomaliza alitueleza kama alivyoahidi: sehemu moja ya pafu ilikuwa kovu gumu, kavu, pale dawa ilipoua kweli, na kando ya kovu, uvimbe mpya umeota, mzima, umefika mpaka kwenye ini. Kwa hiyo kweli dawa ilifanya kazi, na kweli ilishindwa, ndani ya pafu hilo hilo. Mama aliitikia kwa kichwa. Aliuliza tu kama umeshonwa vizuri.

Ulishonwa vizuri. Lakini waliokuosha Mbalizi waliziona nyuzi.

Nisikueleze kilio kilivyogeuka. Waliita kikao uani kwako, wanaume kwenye viti vyako, Mama chini kwenye mkeka. Wakasema kwanza alifunga dawa, halafu akawauzia wazungu moyo wako. Nikasimama. Msichana, mbele ya wazee, nikasimama. Nikawaeleza kwamba daktari alisema tangu mwanzo ugonjwa unaweza kurudi. Wakauliza, "Mbona marehemu alituambia amepona kabisa? Unamwita baba yako mwongo na yuko hapo kaburini?" Unaona ulivyoniacha? Nikawaeleza habari ya chembe zisizokubali dawa, na kwa sababu sikuwa na mfano mwingine nikatoa ule wa kunguni. Baba Mkubwa akapiga makofi. "Sikieni! Ndugu yangu amekuwa kitanda!" Watu wakacheka, Baba. Matangani kwako.

Mama alizungumza mara moja tu. Alisema, "Nimempikia maisha yake yote. Kama ningetaka kumuua, ningengoja dawa ya mzungu ya nini?" Kisha akainuka akaenda kufunga mzigo wake bila kungoja waseme hukumu.

Basi. Ndivyo tulivyofika Kalenga.

Nilidhani nikifika hapa barua itakuwa imekwisha, lakini kuna jambo la juzi. Mtoto wa darasani kwangu aliteguka mkono nikampeleka kule kule hospitalini. Bwana Mrefu amekwenda likizo kwao, yupo mwingine. Nikiwa nangoja barazani nikamwona mtu wa Njombe, mkubwa kama wewe, ana skafu mkononi, shingo wazi, anawaonyesha wagonjwa wenzake: "Shika hapa. Kuna kitu?" Mke wake alikuwa anapiga vigelegele kabisa, wauguzi wakimnyamazisha. Nilikaa chini.

Nilitaka kuondoka, Mungu anajua. Lakini nilimfuata yule mama jikoni kwa wagonjwa, alikokuwa anachochea moto, nikamwambia: furahi, ni haki yako, ila dawa hii inaweza kumwacha, na ikimwacha watatafuta mtu. Waambie ndugu zake sasa, akiwa anatembea. Alinikasirikia. Akasema, "Dada, unaniombea mabaya?" Nikaomba radhi nikaondoka na mtoto wangu. Tulikuwa tumefika kwenye lango niliposikia naitwa. Alikuwa yeye, na mume wake nyuma anakuja pole pole. Mwanamke akaniuliza, "Niwaambieje? Mimi siyo wa kwao." Nikawaeleza yote pale langoni: ya chembe, ya kitanda, ya nyuzi, na ya Mama. Nilipofika kwenye ukuta ulioutazama, yule mwanamume alivua kofia yake. Akamwambia mke wake, "Usiwaambie wewe. Tukifika nitawaita mwenyewe, wanisikie kwa mdomo wangu nikiwa bado na sauti."

Nililia njia nzima, mtoto akidhani nalilia mkono wake. Mtu nisiyemjua, Baba. Hata jina lake sikumwuliza. Alichukua muda wa kuvua kofia tu kufanya jambo ambalo wewe hukulifanya.

Sasa sikiliza ninalokuahidi. Tukishavuna, nitamleta Mama kaburini kwako huko Mbalizi. Tutakuja mchana, siku ya soko, watu wakituona. Hatutapitia kwa Baba Mkubwa kuomba ruhusa. Mama atasimama upande wa kichwa chako, mahali pa mke, na mimi nitasema kwa sauti kubwa, mbele ya yeyote atakayekuja kutazama: "Mke wangu hana kosa." Nitayasema hivyo hivyo, kama yanatoka kwako, kwa sababu ni maneno yako, uliondoka nayo bila kuyatoa.

Wakitupiga mawe, tutarudi mwaka unaofuata tuyaseme tena.

Kwaheri, Baba. Hasira niliyo nayo nisingekuwa nayo kwa mtu nisiyempenda. Pumzika huko uliko, ukisubiri tuje. Mama hajui kwamba nakuandikia, lakini jana alipokuwa anapepeta mahindi alilitaja jina lako mwenyewe, polepole, bila kuniangalia, na sikumsikia akilaani.

Mwanao,
Tusajigwe